Shorewanda anaimbwa Ubelgiji, nendeni bwawani mkamsikie

Ikifika majira ya machipuko watu wa huku wanasema ndege wao wamerudi nyumbani, na siku hizi nawasikia hata Waswahili wenzangu tunaokaa nao Ubelgiji wanasema hivohivo. Mi sikubali. Kuna ndege hapa anakaa miezi kama mitatu tu basi, muda wote uliobaki yuko njiani au yuko Afrika, sasa kwao ni wapi?

Namsemea hasa yule wa kahawia anayeimba kwenye majani marefu pembeni ya bwawa, watu wa hapa Ghent wanamwita bosrietzanger. Kwa sura hana makuu, gramu 12 hivi, na kumuona kwenyewe kazi maana anajificha. Ila aanze kuimba sasa! Anaiga ndege wengine mmoja baada ya mwingine, huyu hajaisha yule kaanza, na katikati ya hao wa Ulaya ghafla unasikia shorewanda, yani yule yule wa kwenye miembe ya nyumbani.

Na msidhani ni hamu ya nyumbani inanisumbua. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha utafiti wake mwaka 1979, akaonyesha kwamba kila dume anaiga kwa wastani spishi 76, na katika hizo 45 ni za Afrika. Zaidi ya nusu jamani! Sababu ni kwamba mtoto akitoka kiotani baba yake karibu ameshanyamaza, kwahiyo nyimbo anaziokota kwa majirani, kwanza huku, alafu Ethiopia, Kenya, mpaka kusini huko Zambia na Msumbiji. Pale Ngulia, kwenye hifadhi ya Tsavo Magharibi huko Kenya, ndege wanavishwa pete miguuni tangu 1969 ili safari zao zifuatiliwe, Novemba na Desemba usiku wa ukungu usio na mwezi taa za loji zinawavuta wanashuka kwa maelfu, na huyu ni mmoja wa wanaopatikana kwa wingi kuliko wote.

Sasa hoja yangu ndo hii. Mwenyeji wa hapa na darubini yake nzuri, nusu ya ule wimbo inampita, labda awe amewahi kuishi Afrika. Sisi tunaijua. Mama aliyekulia Bujumbura au Lubumbashi au Morogoro akisimama pale bwawani anaweza kutambua sauti ambazo majirani zake hawajawahi kuzisikia popote, na watoto wetu waliozaliwa huku wangejua kuna kiumbe anaenda na kurudi kila mwaka kati ya sehemu zao mbili. Lakini hatuendi, tumeamua kuangalia ndege ni mambo ya wazungu wastaafu. Inaniuma kweli.

Nendeni wiki ya mwisho ya Mei, saa kumi na moja alfajiri, darubini sio lazima, masikio yanatosha. Na mkikuta watu wanafyeka yale majani yanayowasha pembeni ya maji mwezi wa sita, ongeeni nao, maana kiota chake anakifunga humohumo kwenye mashina. Kama kufyeka ni lazima wasubiri mwisho wa Agosti, wakati huo yeye na watoto wake wameshaondoka kuelekea Ethiopia.