Saa za getini zinaitwa mapumziko

"Nyie wenzetu mnapanda ndege bure." Sijui nimeambiwa hivi mara ngapi tangu mume wangu aajiriwe kuwa rubani. Wanaosema hawana ubaya. Wengi husema huku wakicheka, wakingoja niwatajie mwezi ujao tunakwenda wapi. Zamani nilikuwa nacheka nao. Siku hizi nauliza: bure ya kwenda, au bure ya kufika?

Kwanza tuelewane tiketi yenyewe ni kitu gani. Mfanyakazi wa shirika la ndege, pamoja na mwenzi wake, watoto na mara nyingi wazazi, hulipa kodi na tozo tu, au sehemu ndogo ya nauli, kisha anawekwa stendibai. Akitaka kupanda ndege ya shirika jingine, yapo makubaliano ya nauli za punguzo zinazopangwa kwa umbali wa safari. Hadi hapo ni neema, sibishi. Lakini ukiwa stendibai, abiria waliolipa wanapanda kwanza wote, halafu mlango ukikaribia kufungwa ndipo wanahesabu viti vilivyobaki.

Mwaka 2024, kwa takwimu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ndege zilijaza asilimia 83.5 ya viti, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla. Kwenye ndege ya viti 180 hiyo inaacha kama viti 30 vitupu. Si haba, utasema. Shida iko kwenye neno "wastani". Viti hivyo 30 utavikuta Jumanne saa 5 asubuhi. Ijumaa jioni na Jumapili jioni, wakati kila mwenye kazi na familia yuko njiani, huvioni. Na hata vikiwepo, siku ya joto kali ndege inaweza kuwa imeshafikia uzito wake wa kurukia, ukaambiwa viti vipo lakini wewe hupandi. Nimeshaambiwa hivyo, mtoto mgongoni.

Sasa mchukue mwenye tiketi hiyo umpeleke mafunzoni.

Watu hudhani rubani akishasaini mkataba anakabidhiwa ndege. Hata awe na leseni na saa nyingi za kuruka, akiingia kampuni mpya au akihamia aina nyingine ya ndege anarudi shule. Anaanza na darasa: taratibu za kampuni, umeme wa ndege, haidroliki, injini. Kisha simuleta, kisha mtihani, kisha safari zenye abiria wa kweli huku mkufunzi ameketi kiti cha pili akimwangalia kila anachogusa. Kwa mume wangu ilichukua karibu miezi mitatu, na kituo cha mafunzo kilikuwa mji mwingine, saa mbili kwa ndege kutoka kwetu.

Simuleta ndiyo inayopindua maisha. Hii ni ile mashine kubwa iliyosimama juu ya miguu sita, inayumba na kutikisika kama ndege hewani, na bei yake ni mamilioni ya dola. Mashine ya bei hiyo hailali. Wanafunzi wanaingia na kutoka usiku na mchana, kila wawili na saa zao 4, na kabla ya hapo kuna maelezo ya mkufunzi, baada ya hapo kuna kukosolewa. Ukijumlisha yote ni saa 6 au 7 za akili iliyokazwa. Wiki ya kwanza alipangiwa mchana. Wiki ya pili akapangiwa saa 4 usiku hadi saa 8 usiku. Wiki ya tatu, saa 12 asubuhi. Mwili ulikuwa haujazoea usiku, tayari unatakiwa kuzoea alfajiri. Kanuni za Marekani za uchovu wa marubani zinautaja waziwazi muda kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri kuwa ndio mwili unapokuwa chini kabisa. Na mashine isiyolala hufanya kazi muda huo pia: mwanafunzi anazimiwa injini moja wakati ndege inaacha ardhi, ili waone atafanya nini.

Ratiba nayo haisimami. Mkufunzi anaugua, mashine inaharibika, mwenzako amefeli somo na anahitaji kurudia, basi mnasogezwa wote. Sisi tulikuwa tunaijua wiki inayofuata siku ya Alhamisi. Rubani mkongwe huomba safari zake na likizo yake kwa zamu ya ukongwe. Mwanafunzi haombi kitu, anapangiwa.

Katika miezi ile alikuja nyumbani mara moja. Nitaieleza safari hiyo kwa saa, kwa sababu hesabu yake ndiyo hoja yangu yote.

Alimaliza simuleta saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi, akatoka kukosolewa saa 9. Ofu yake ilikuwa Jumamosi na Jumapili. Jumatatu alitakiwa simuletani saa 12 asubuhi. Jumamosi saa 4 asubuhi alikuwa uwanjani. Ndege ya kwanza ilikuwa na viti vitatu na yeye alikuwa wa tisa kwenye orodha. Ya pili ilikuwa na viti sita, akawa wa saba. Kiti cha saba kilipojitokeza, alikichukua abiria aliyelipa, aliyekuja mbio dakika ya mwisho na begi limefunguka zipu. Aliniandikia ujumbe: "Nimeiona bodingi pasi yangu ikitoka kwenye mashine, mhudumu akaichana." Akapanda ya tatu, jioni. Aliingia nyumbani saa 4 usiku, binti yetu ameshalala kwenye kochi kwa kumngoja.

Alfajiri nilimkuta amesimama mbele ya kabati. Amebandika mlangoni picha kubwa ya chumba cha rubani, ya karatasi, kila swichi mahali pake. "Injini namba moja, moto," anasema kwa sauti ya chini, mkono unakwenda kwenye kitufe cha karatasi, unasimama, unasubiri mwenzake athibitishe. Mwenzake hayupo. Binti wa miaka mitano, aliyekuwa amekaa sakafuni bila sisi kujua, akajibu: "Nathibitisha." Wakamaliza orodha nzima pamoja, yeye akisoma na mtoto akithibitisha.

Saa 7 mchana alitoka. Ndege aliyoilenga ilikuwa ya saa 9, lakini mwenye tiketi ya stendibai halengi ndege ya mwisho. Lazima abaki na nyingine ya akiba nyuma yake. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 7 mchana ni saa 15. Kwenye rosta ziliandikwa ofu siku mbili.

Hapo ndipo ninapogombana na neno bure. Mtu anayeihitaji tiketi hii kuliko wote ndiye asiyeweza kuitumia. Mashirika mengi hupanga orodha ya stendibai kwa tarehe ya kuajiriwa, na mwanafunzi ameajiriwa jana. Kampuni nyingine hata haki yenyewe humpa baada ya miezi kadhaa. Mkongwe akikosa ndege atacheka, atakunywa kahawa, atajaribu kesho. Mwanafunzi akikosa, mwenzake wa simuleta hana wa kufanya naye somo, saa za mashine zinapotea, na yeye yuko kwenye kipindi cha majaribio. Husikii kampuni ikikubali "ndege ilijaa" kuwa udhuru.

Saa zote zile za getini, kisheria, ni nini? Ni mapumziko. Mafunzo ya simuleta yanahesabiwa kuwa kazi. Safari ya kutoka kwako kwenda kazini haihesabiwi, hata kama umeifanya umekaa macho usiku kucha.

Hili si jambo jipya. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air namba 3407 iliyotoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi alikuwa ametoka Seattle usiku uliotangulia, akidandia ndege za mizigo, akabadilisha Memphis, akafika Newark asubuhi. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea; kuhusu uchovu walisema huenda uliwapunguzia uwezo, bila kuweza kupima kwa kiasi gani. Ajali hiyo ilisukuma kanuni mpya zilizoanza kutumika Januari 2014: saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, ndani yake nafasi ya saa 8 za usingizi usiokatizwa. Kanuni nzuri. Lakini safari ya kwenda kazini iliachwa mikononi mwa rubani mwenyewe, na hadi leo iko hapo.

Ninachotaka ni kidogo. Kwa ile miezi ya mafunzo, mpeni mwanafunzi kiti kilichothibitishwa cha kwenda na kurudi nyumbani, tuseme mara moja kila wiki mbili. Kampuni tayari hutoa viti vya namna hiyo inapohamisha marubani wake kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa kazi. Mfumo upo, hakuna cha kubuni. Tena rosta ya simuleta itoke wiki mbili kabla, na ikibadilika, kiti kibadilike nayo.

Najua jibu: mlichagua wenyewe kuishi mbali. Hapana, kituo cha mafunzo kilichaguliwa na kampuni. Na jibu la pili, kwamba kila kiti ni fedha, nalielewa. Lakini saa moja ya simuleta iliyopotea kwa mwanafunzi aliyekwama uwanjani nayo ni fedha, na mwanafunzi anayerudia somo kwa uchovu ni fedha zaidi.

Mengine ya tiketi hizi siyalalamikii. Kuvaa kwa heshima, sawa; mwaka 2017 shirika la ndege la Marekani, United, lilizuia wasichana wawili waliovaa suruali za kubana wakisafiri kwa tiketi za wafanyakazi, dunia ikapiga kelele, nami siku hizi humpekulia binti yangu sanduku lake. Kukaa kiti cha katikati karibu na choo, sawa pia. Likizo ya kukaa tukingoja tuone tutaangukia mji gani tumeshaifanya, na ilikuwa tamu.

Mume wangu sasa ameshafuzu, lakini marubani wengi hurudi simuletani mara mbili kwa mwaka. Rosta ya mwezi ujao imetoka jana: saa 4 usiku hadi saa 8 usiku, Ijumaa, mji uleule. Binti yetu anatimiza miaka sita Jumamosi. Tumekaa mezani tukapiga hesabu za orodha, za viti, za ndege ya akiba, kisha nikafungua simu nikamnunulia tiketi ya kawaida kwa nauli kamili, ya shirika jingine.