Enjini Iliyokuja na Ukoo Wake

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya mwaka 1991, na kabla hujaanza kuicheka ujue kwamba mimi nilitangulia. Enjini yake ilikuwa 2L ya dizeli (hilo ni jina lake, si lita mbili), sentimita za ujazo 2446. Haina tabo ya kuisukumia hewa ipate nguvu, haina haraka, haina makuu. Mlima iliupanda kama mzee anayepanda ngazi huku akisalimia kila mtu. Siku moja nikiwa katikati ya mlima nikapitwa na baiskeli. Ingekuwa baiskeli tupu ningenyamaza, lakini ilikuwa imepakia abiria, na yule abiria akanipungia mkono.

Haikufa kwa uzee. Niliiua mimi. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa unavuja tone moja moja, nami kila asubuhi najaza maji kwa chupa, najiona mtu wa matunzo kwelikweli. Asubuhi moja nikasahau chupa. Mshale wa joto ukapanda. Nikaugonga kwa kidole ili ushuke, haukushuka, nikaamua kwamba mshale ndio mbovu. Hedi ikapinda, gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili, oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Sasa beringi haziendi kwa chai. Kufika jioni enjini ilikuwa inagonga ngo, ngo, ngo, kama mgeni mlangoni, na mgeni alipochoka kusubiri akajifungulia mwenyewe: konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ikatokea ubavuni mwa bloku, ikaacha dirisha la kupitisha ngumi.

Fundi alichungulia lile dirisha, akavua kofia.

"Hapa hakuna ovahoo, kaka. Hapa tunazika."

Kisha akanipa maagizo, polepole, kama anayempa mtoto pesa ya kwenda dukani. "Leta 2L. Ukiikosa, leta 3L. Ukipata 5L, leta pia. Hao wote ni tumbo moja, mikono yao inaingia kwenye giaboksi ileile. Ukileta nyingine yoyote, usinipigie simu usiku."

Mimi nilichosikia ni kwamba kuna nyingine.

Na hapo ndipo anapoingia shemeji. Kila aliyewahi kununua enjini ana shemeji wa aina hii: hana gari, ana maoni. "Shemeji," akaniambia, "umeshafungua boneti, umeshaingia gharama, halafu urudishe ileile iliyokuaibisha mbele ya baiskeli? Weka lita tatu yenye tabo, uheshimiwe." Neno "uheshimiwe" lilinikaa moyoni usiku kucha. Mke wangu aliniuliza mbona silali. Nikamwambia nafikiria familia.

Kule zinakouzwa, enjini zilikuwa zimepangwa juu ya matairi makuukuu kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. 2L ilikuwapo, imekaa pembeni, imejaa vumbi, haina wa kuisemea. Nikaipita bila hata salamu. Mbele yake ilikuwapo 1KZ-TE, sentimita 2982, tabo imetuna begani kama misuli. Muuzaji akasema ilitolewa kwenye basi dogo, yale ambayo enjini hukaa chini ya viti vya mbele. Nikaona ni sifa njema. Enjini iliyozoea kukaliwa itakuwa na adabu.

Na nisionewe, nilikagua. Nilichomoa kijiti cha oili nikanusa. Niliangalia njia za maji kama zimeliwa na kutu. Muuzaji akaunga betri, akachovya mpira kwenye kopo la dizeli, akaiwasha palepale juu ya matairi, nami nikafungua kifuniko cha oili nione kama inapumua moshi, maana enjini iliyochoka ringi hupumulia hapo. Haikupumua. Ilinguruma mpaka matairi yakasogea. Kulikuwa na kiboksi fulani cheusi kinaning'inia kwenye waya nyingi pembeni. Nikadhani ni redio.

Nikatoa futi. Nilikuwa nimeazima futi ya cherehani ya mke wangu, nikaipima enjini urefu, upana na kimo, nikaandika kwenye kiganja. Pikapu nilishaipima nyumbani. Vipimo vikalingana na nafasi ikabaki. Muuzaji akaniuliza, "Giaboksi yake hutaki? Waya zake je?" Nikamjibu kwa dharau ya mtu mwenye futi: "Gari langu lina waya."

Fundi alipoiona inashushwa hakusema neno. Alikaa juu ya ndoo, akamaliza chai yake yote, ndipo akauliza, "Hii ni ya nani?"

Tukaifunga mnyororo, ikainuliwa, ikaanza kushuka kwenye nafasi yake taratibu, mimi naongoza kwa mikono kama mtu anayeegesha ndege. Shuka, shuka, shuka, ko! Imesimama hewani. Nikalala chini kuangalia. Lile bakuli la oili chini ya enjini lina tumbo, na tumbo hilo huwekwa mbele au nyuma kulingana na gari lilikotoka. La kwangu lilikuwa mbele. Na mbele, kwenye pikapu yangu, unapita mtambaapanya mnene wa chuma unaobeba magurudumu. Kwa hiyo enjini ilikuwa imekaa juu ya chuma kama mtoto aliyepakatwa, kichwa kimezidi usawa wa boneti. Nilikuwa nimepima mgongo, sikupima tumbo.

"Boneti itafungwa," nikasema.

"Itafungwa," fundi akakubali, "kwa kamba."

Akaendelea kunihesabia, na kadiri alivyohesabu ndivyo nilivyoelewa kwamba sikuleta enjini, nimeoa, tena kwenye ukoo mkubwa. Uso wa nyuma wa enjini haukutani na giaboksi yangu, kwa hiyo itakuja giaboksi yake. Giaboksi yake si ya urefu ule, kwa hiyo propela shafti, ile fimbo inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ikatwe au ichongwe nyingine. Mauntini, vile vishikizo vya enjini kwenye chesisi, zihamishwe. Rejeta yangu ilizoea kupoza mzee wa lita mbili na nusu, huyu wa tabo ataichemsha kama birika. Eksozi ndio usiseme. Na breki? Breki hazikuwa kwenye ukoo, lakini fundi alizitaja kwa heshima, kwamba kitu kikiweza kukimbia ni vizuri kiweze pia kusimama.

"Sawa," nikasema, "hayo ni ya chuma, yanachomelewa. Tuiwashe kwanza niisikie."

"Kompyuta yake iko wapi?"

Hapa naomba unisikilize bila kunihukumu. Majina ya enjini za Toyota yana mpangilio. Tarakimu ya mwanzo ni uzao wa ngapi katika ukoo, herufi zinazofuata ni ukoo wenyewe, na zinazokuja baada ya kistari ni tabia zake. T ni tabo, hiyo niliijua. E ni kwamba dizeli inapimwa kwa umeme, yaani pampu haifanyi kazi mpaka iamriwe na kompyuta ya gari. Mimi hiyo E nilidhani ni Enjini.

Basi fundi aliposema kompyuta, niliona jambo jepesi kuliko yote aliyotaja siku hiyo. Nikamwambia anisubiri dakika ishirini. Nikaenda nyumbani, nikachukua kompyuta ya binti yangu ya shule, yenye stika za vipepeo, nikarudi nayo kifuani, nikaiweka juu ya bawa la gari, nikaifungua.

Fundi aliitazama. Akawaita vijana wake wote wanne, hata yule aliyekuwa chini ya gari jingine, nao wakaitazama.

"Ina chaji?" akauliza.

"Asilimia themanini," nikajibu.

Sikuwahi kuona mtu mzima akicheka mpaka akashikilia stuli ya mtu mwingine. Kijana mmoja akaniuliza kwa upole, machozi yakimtoka, kama nina nywila. Hapo ndipo nilipokumbuka ile redio nyeusi iliyokuwa inaning'inia.

Nilirudi kwa muuzaji. Kiboksi kilikuwa kimeshaondoka na mteja mwingine, pamoja na fungu zima la waya, na enjini iliyotoka mlangoni hairudi. Wala simlaumu, aliniuliza. Ila ile 2L ilikuwa bado palepale pembeni, na nilivyoikaribia safari hii nilitoa salamu.

Fundi aliiingiza kesho yake. Sikuamini macho yangu. Boliti zilikwenda kwenye matundu yake kama ng'ombe wanaorudi zizini jioni. Mauntini zilezile, giaboksi ileile, waya wa moto kwenye solenoidi ya pampu, ile inayofungulia dizeli, basi. Mpira wa maji wa chini alinunua mpya bila kuniuliza, akaufunga kwa klipu mbili, akaninyooshea kidole. Jua halijazama nikawa barabarani. Plagi zikapasha, ikawaka, ikatoa moshi kidogo wa kusafisha koo, tukaondoka. Mlimani nilipitwa na baiskeli. Sijui kama ni ileile. Nikapunga mkono mimi kwanza.

Ile 1KZ-TE iko nyuma ya nyumba, juu ya tairi lake, chini ya turubai. Shemeji alikuja kuitazama, akaizunguka mara mbili, akasema tatizo ni kwamba sikupata fundi mzuri. Binti yangu amebadilisha nywila. Mke wangu alidai futi yake, nikamrudishia ina oili kuanzia sentimita kumi na mbili hadi arobaini, kwa hiyo kuna gauni moja mtaani ambalo kiuno chake nakijua mimi tu kwa nini kina doa.

Mwezi uliopita kuku wetu mmoja alipotea. Tukamtafuta siku mbili. Nilipoinua turubai nikamkuta amelala kati ya tairi na lile tumbo la oili, kwenye ile nafasi iliyonishinda kuipima, na alinitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Nikarudisha turubai polepole. Walitoka tisa, wote wazima.