William Jackson: Mfanyabiashara wa Ngozi na Telegramu Zilizofichwa

William Lawies Jackson alirithi kutoka kwa baba yake biashara ya ngozi mjini Leeds ikiwa karibu kufilisika, akaikuza hadi kiwanda chake kikawa miongoni mwa vikubwa kabisa nchini Uingereza. Mwaka 1880 aliingia Bungeni kwa tiketi ya Wahafidhina, na kabla ya kufariki mwaka 1917 alikuwa amekwisha kuwa katibu wa fedha wa Hazina, waziri wa mambo ya Ireland, meya wa Leeds na mwenyekiti wa kampuni ya reli ya Great Northern. Wanaoamini kwamba aliyefaulu kiwandani atafaulu pia serikalini wangefurahi kumwita shahidi wao. Kwa maoni yangu, ushahidi wake ni msumeno.

Upande unaomsifu una uzito. Kusindika ngozi nzito kwa magome ya miti kulikuwa kazi ya miezi mingi: mtaji ulilala mashimoni pamoja na ngozi zenyewe, na asiyejua kuhesabu na kungoja aliangamia. Mtu aliyelelewa katika kazi hiyo alifaa sana Hazina, ambako alikaa kuanzia 1886 hadi 1891, kipindi ambacho serikali ilipunguza riba ya deni la taifa. Ireland alikaa miezi michache tu, akimrithi Arthur Balfour, ingawa sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 1892 ilipita wakati wake.

Mtihani mgumu zaidi ulitoka Afrika Kusini. Mwishoni mwa Desemba 1895 Leander Starr Jameson, mtu wa Cecil Rhodes, tajiri wa madini na waziri mkuu wa Koloni la Rasi, aliongoza mamia ya wapanda farasi kuvamia Transvaal, jamhuri ya Maburu (walowezi wenye asili ya Kiholanzi), ili kuiangusha serikali ya rais wake Paul Kruger, na baada ya siku chache akasalimu amri. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, Jackson akawa mwenyekiti. Swali lililowawasha watu lilikuwa moja: je, Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alijua mapema? Zilikuwepo telegramu ambazo huenda zingelijibu, lakini wakili wa Rhodes alikataa kuzitoa, na kamati haikumlazimisha. Ripoti ya Julai 1897 ilimlaumu Rhodes na kumwondolea Chamberlain lawama, naye Chamberlain, jambo la ajabu, alikuwa mjumbe wa kamati hiyohiyo.

Haitakuwa haki kumtwika Jackson mzigo wote. Viongozi wa Waliberali, William Harcourt na Henry Campbell-Bannerman, waliketi naye na kuikubali ripoti. Ni mjumbe mwenzao Henry Labouchere aliyepinga waziwazi. Mwanasiasa wa kazi asiyewahi kushika ngozi mbichi huenda angeishia palepale, kwa kuwa hofu ya kuiaibisha serikali mbele ya mataifa ilivuka mipaka ya vyama.

Hata hivyo, naona tabia iliyomfaa Hazina ndiyo iliyompungukia hapa. Katika biashara, ukionyeshwa vitabu vya hesabu unavikagua, na ukinyimwa unaacha kununua, basi. Hakuna anayekudai ukweli uliobaki kabatini. Mwenyekiti wa uchunguzi wa Bunge hana ruhusa ya kuondoka sokoni hivyo. Kamati ilikuwa na mamlaka ya kuziagiza telegramu zile, na Jackson, hodari wa kupima kilicholetwa mezani, hakuonyesha hamu ya kudai kilichozuiliwa. Waliompenda waliuita huo utulivu. Wapinzani wa ripoti walisema kamati iliketi ili kuficha, na Maburu wa Transvaal hawakuhitaji telegramu yoyote kuamini vivyo hivyo.

Vita kati ya Waingereza na Maburu ilizuka Oktoba 1899. Hakuna awezaye kusema kwamba uchunguzi mkali zaidi ungeizuia. Ilimalizika Mei 1902, na mwaka huohuo Jackson alipewa cheo cha Lodi Allerton.