Swichi Iko Wapi?

Shemeji yangu anaamini mimi nalipwa mshahara kwa kustarehe. Kila tukikutana lazima aniulize, "Na jana umelala kitanda kipi, bosi?" Mimi nacheka tu, maana nikianza kumweleza tutakosana bure. Ni kweli ni meneja wa hoteli ya kifahari, zile ndogo ndogo wanazoziita butiki. Vyumba 20. Ila kitu ninachokifahamu kwa kulalia ni kiti cha ofisini, tena kibovu, mguu mmoja tumeuegemezea kitabu. Kile kizima kilipanda chumba namba tatu, kuna mgeni alitaka kiti "chenye haiba" na hapa jengoni haiba nyingine haikuwepo.

Hilo neno butiki ndilo lililoniponza. Kwa Wafaransa ni duka dogo tu. London walikuwa na Blakes tangu 1978, New York wakafungua Morgans mwaka 1984, na kuanzia hapo kila mwenye nyumba nzuri na vyumba vichache akajiona naye wamo. Wazo lenyewe silikatai. Badala ya lijengo la vyumba 400 vinavyofanana kama mayai ya trei moja, unakuwa na nyumba yenye sura yake, na mgeni anaitwa kwa jina. Mimi niliposikia vyumba 20 nikasema moyoni, huu mteremko. Hakuna aliyeninong'oneza kwamba vyumba vikipungua na wafanyakazi wanapungua, ila makuu ya mgeni yako palepale.

Kwa wenzetu wakubwa kuna meneja wa mapokezi, meneja wa vyumba, meneja wa vinywaji, meneja wa mauzo, na nasikia wengine wana meneja wa kuwasimamia hao mameneja. Kwangu wote hao wanavaa suti moja. Na pasi naipiga mwenyewe.

Halafu ije hesabu. Choo kimoja kikiziba kwenye hoteli ya vyumba 400, kilichoharibika ni robo ya asilimia moja. Meneja anamalizia kahawa yake kwanza. Kwangu mimi choo kimoja ni asilimia 5 ya hoteli nzima! Nakimbia na pampu ya mpira mkononi kama nabeba mwenge. Na mwenye hoteli, tunamwita Mzee, ananipigia kila siku kabla jua halijachomoza vizuri: vyumba vingapi vimelaliwa, na kwa bei ya wastani gani? Unazidisha asilimia ya vilivyolaliwa kwa hiyo bei ya wastani, unapata kila chumba kimeingiza nini, pamoja na kile kilicholala kitupu. Duniani kote biashara hii inapimwa hivyo. Kipimo hakina roho, maana hakina nafasi ya kuandika "fundi alikuwa anazibua". Na ukishampa Mzee hesabu yake, hataki kusikia kwamba wakala wa mtandaoni aliyetuletea mgeni ameshakata chake, ambacho mara nyingi ni asilimia 15 na kwenda juu. Wakala hajui hata rangi ya mapazia yetu. Hajawahi kushika pampu ya choo.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kinachonimaliza mimi ni swichi.

Mzee alimleta mbunifu wa mapambo, mtu mwenye miwani ya fremu nene na sauti ya chini, ile ambayo ukiisikia unajua bili itakuwa ya juu. Akazunguka chumba cha kwanza mikono iko nyuma, akasimama mbele ya swichi ya taa, akaitazama kama mtu aliyekuta mende kwenye mchuzi. Akasema, "Hii ni kelele ukutani." Mzee akatikisa kichwa. Mimi nikatikisa pia, mtoto wangu yuko shule. Mwezi haukuisha, kelele zote zikawa zimeondolewa. Swichi zikahamia nyuma ya ubao wa kitanda, chini ya ukingo wa meza, na moja, sijawahi kupewa sababu, ndani ya kabati la nguo.

Basi, saa nane usiku simu inalia. Chumba namba saba, mzee mmoja na mkewe, watu wazima wa heshima zao, taa haizimi. Kijana wa mapokezi ameelekeza kwa simu mpaka amechoka. Navaa suti juu ya fulana ya kulalia, nafunga tai, maana hapa kwetu hata moto ukiwaka meneja anauzima akiwa na tai. Nafika, nakuta mama amekifunika kivuli cha taa kwa taulo la kuogea, lile zito, limeshaanza kunukia harufu ya kuungua. Baba kakaa kitandani wima, amevaa kile kitambaa cha macho wanachogawa kwenye ndege, mikono imetulia magotini kama anayesubiri kuapishwa.

"Kijana," akaniambia bila kukivua, "hii taa nimeikubali. Tatizo anaona mke wangu."

Nikaomba radhi, nikalala kifudifudi, nikaingia chini ya kitanda. Huko kuna dunia yake. Nilikuta rimoti tuliyoshawahi kumlipisha mgeni, hereni moja, na swichi tatu zimejipanga kimya kama majambazi. Nikabonyeza ya kwanza, bafuni giza. Ya pili, muziki ukaanza, kinanda taratibu. Ya tatu, mapazia yakafunguka. Taa haikutikisika. Mwishoni nikachomoa waya kwenye soketi, nikatoka kinyumenyume na vumbi kwenye tai, tukatakiana usiku mwema na kinanda kinaendelea.

Siku mbili baadaye maoni yakatoka mtandaoni, nyota tatu. "Usiku wa manane meneja aliingia chini ya kitanda chetu."

Ni kweli, kila neno. Sasa wewe utajibu nini? Nilikaa na ule ukurasa saa nzima. Ukikanusha, umesema uongo. Ukieleza, unazidi kuharibu. Nikaandika, "Asante kwa kuchagua kulala kwetu, tunayathamini maoni yenu." Watu 46 wakabonyeza kwamba jibu langu limewasaidia. Limewasaidia nini, sijui.

Na wageni wenyewe, jamani. Kanuni ya mashuka na taulo tuliyofundishwa sote ni seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja iko kwa dobi, moja imepumzika kabatini. Kitabuni wamesahau seti ya nne, ile iliyo kwenye sanduku la mgeni. Vazi la kuogea lenye nembo yetu mimi nimeshaliona uwanja wa ndege, limevaliwa, mwenye nalo ananipungia mkono. Nami nikampungia. Ungefanyaje?

Friji ndogo ya vinywaji ndiyo usiseme. Mwaka 1974 Hilton ya Hong Kong iliweka pombe kwenye vifriji vya vyumbani, mauzo yakapaa, dunia nzima ikaiga. Waliokuwa wakipiga makofi hawakuwa wanahesabu chupa. Mgeni anakunywa vodka yote, anajaza maji ya bombani, anafunga kifuniko kwa ustadi wa daktari wa upasuaji. Mgeni wa pili analipia maji. Wa tatu anakuja mapokezi kutuambia vodka yetu ni laini sana, ya chapa gani? Siku hizi chupa yoyote ya vodka yenye kifuniko cha kutilia shaka inapita kwanza kwenye friza la jikoni. Vodka haigandi humo. Ikiganda, tunajua tumeuziana maji. Nina shahada ya uongozi wa hoteli, na ndiyo maabara yangu hiyo.

Halafu kila wiki nazunguka vyumba ambavyo havijalaliwa, nafungua koki zote na bafu la mvua, naacha maji yachuruzike. Wahudumu wapya wakinikuta nimesimama peke yangu nayatazama maji wanarudi nyuma polepole. Hilo silifanyii utani lakini. Mwaka 1976, hotelini Philadelphia, maveterani waliokuwa kwenye mkutano wao waliugua karibu mia mbili, 29 wakafa, na baadaye ikagundulika ni bakteria wanaopenda mitambo ya maji na mabomba yaliyotulia. Kwa hiyo maji ya moto kwenye tangi yakae nyuzi 60, na koki zisinyamaze muda mrefu. Mgeni hataandika kamwe, "Nyota tano, sikufa."

Ukilalamika unaambiwa mteja hakosei. Kauli hiyo wanaihusisha na César Ritz, yule Mswisi, mtoto wa kumi na tatu wa mkulima, aliyefungua hoteli yake Paris mwaka 1898. Kwenye semina anatajwa kama mtume. Ila wenye semina wanaruka kurasa. Hawakwambii kwamba mwaka huohuo wa 1898 alikuwa ametimuliwa kazi hoteli ya Savoy ya London, yeye na mpishi wake Escoffier. Hawakwambii kwamba 1902 alijaza wageni hoteli ya Carlton, hukohuko London, kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward VII, siku mbili kabla ya sherehe mfalme akaugua kidole tumbo, kila kitu kikaahirishwa, na Ritz akaporomoka, hakurudi tena kuwa yule Ritz. Mimi namwelewa kuliko hao walimu. Kuna harusi ilichukua vyumba vyangu vyote 20, ikavunjika Alhamisi ya kuamkia. Bwana harusi akanipigia akilia, nikalia naye, tukaliwazana vizuri sana. Tulipofika kwenye suala la malipo ya awali kila mtu akanyamaza.

Turudi kwenye swichi. Baada ya yale maoni ya kitandani nilijikaza, nikamwendea Mzee na daftari. Malalamiko 31 ya taa kwa miezi miwili. Nikamwomba kitu kimoja tu, swichi ya plastiki, nyeupe, ukutani, mahali ambapo mkono wa binadamu unafika. Mzee akasoma daftari lote, akanishukuru kwa uchungu nilionao na kazi, akamwita tena mbunifu.

Mbunifu akasikitika sana. Akaondoa swichi zote, hata za chini ya kitanda. Akaweka kioo cha kugusa pembeni mwa mto, cheusi, laini kama maji ya kisima. Maneno hakuna, maneno nayo ni kelele. Kuna alama tano: mwezi, jani, wimbi, jicho, na duara ambalo mimi naliona ni duara tu. Nikauliza ipi inazima taa. Akaniambia chumba kitamfundisha mgeni.

Sasa, kabla ya kuuza chumba kilichofanyiwa ukarabati, meneja mwenye akili anakilalia kwanza kama mgeni. Nikachagua namba saba, kwa kisasi. Nikajiandikisha kwa jina la kubuni, kwa sababu nilitaka pia kumpima kijana mpya wa zamu ya usiku, ana siku ya tatu kazini. Nilimfundisha mwenyewe: usimwambie mgeni "sijui", usimwelekeze mgeni kwa simu mpaka akereke, na tatizo lolote la usiku lisilotatulika papo hapo, mpigie meneja wa zamu.

Nikaoga. Nikajitupa kwenye kile kitanda, na ndipo nikaelewa kwa nini watu wanalipa. Nikafumba macho, nikamkumbuka shemeji, nikatabasamu. Nikanyoosha mkono nikagusa mwezi. Mapazia yakafunguka. Nikagusa jani, kipoza hewa kikaanza kuvuma. Wimbi, kinanda. Kilekile! Jicho likawasha taa ambayo sikujua kama ipo, iko chini ya kitanda, inamulika kwenda juu. Nikabonyeza duara mara moja, mara mbili, nikalishikilia. Likaniandikia kwa Kijerumani.

Nilipambana mpaka saa nane kasoro. Soketi sasa ziko nyuma ya ubao uliopigiliwa misumari, siwezi hata kuchomoa. Nikachukua taulo nikalitazama, nikalirudisha. Mwisho nikainua simu ya chumbani, nikabana pua kidogo sauti isitambulike, nikamwambia kijana taa hazizimi.

Kijana akanijibu vizuri kabisa, kama nilivyomfundisha. Akaomba radhi, akaniita kwa lile jina la kubuni, akasema suala langu linashughulikiwa sasa hivi, nisijisumbue. Nikakata simu nimejaa fahari.

Haikupita dakika, simu yangu ya mkononi ikaanza kulia palepale juu ya mto.

"Meneja, samahani kwa kukuamsha. Mgeni wa namba saba anasema taa hazizimi."

Nikaiangalia tai yangu pale kitini.

"Mwambie nakuja."