Usinihesabie Homurani za Hank Aaron, Nihesabie Besi

Mzee mmoja niliyefanya naye kazi kwenye ghala huko Atlanta alikuwa na namna yake ya kumnyamazisha mtu. Ukimtajia Hank Aaron, gwiji wa besiboli, ukaongeza na ile namba ya homurani zake ambayo kila mtu anaijua, 755, anakutazama kama mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari. "Hiyo ni ya wapita njia," anasema. "Mimi niambie 6,856." Kisha anarudi kwenye maboksi yake.

Nilikuwa nimeshazoea kumwita Mzee, na yeye jina hilo alilipenda. Lakini kumwelewa kulinichukua karibu mwaka mzima, maana besiboli sikuijua. Nimekulia Morogoro, mimi ni mtu wa mpira wa miguu. Gongo kwangu lilikuwa kitu cha kunywewa kwa kificho, si cha kupigia mpira. Leo hii, kila video za Aaron zinapoanza kuzunguka mwezi wa Aprili, najikuta nimekuwa kama yule Mzee: nakereka watu wanavyomsifu kwa namba ambayo yeye mwenyewe ilimnyima usingizi, wakaiacha ile iliyobeba maisha yake yote ya kazi.

Kwa asiyeufuatilia mchezo: uwanja una besi nne, na kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 90, yaani mita 27 na kitu. Ukiupiga mpira ukafika besi ya kwanza salama, umejiandikia besi moja. Ukifika ya pili, mbili. Mpira ukivuka uzio ukazunguka zote ukarudi ulikoanzia, hiyo ndiyo homurani, besi nne kwa mkupuo. Zijumlishe zote alizozipata mpigaji kwa mapigo yake tangu siku ya kwanza hadi anastaafu, na hapo ndipo inapotoka 6,856 ya Aaron.

Siku moja nilikaa na kalamu. Besi 6,856 mara futi 90 ni karibu kilomita 188. Sisi watu wa Moro tunaujua umbali huo bila kuambiwa: ni Dar es Salaam hadi unapoanza kuuona vizuri mlima Uluguru na kukusanya mizigo yako ushuke Msamvu. Anayemfuata kwenye orodha hiyo ni Albert Pujols, aliyestaafu mwaka 2022 baada ya misimu 22 na homurani 703, mtu ambaye huwezi kumwita mdogo kwa kipimo chochote. Pujols ana besi 6,211. Ukiwapanga barabarani, Aaron anapokaribia stendi, Pujols bado yuko nyuma kilomita 17 na ushee, huko maeneo ya Mikese. Barry Bonds, mwenye homurani nyingi kuliko binadamu yeyote katika Ligi Kuu ya Marekani, ana besi 5,976. Yeye yuko nyuma zaidi ya Pujols.

Na hapa ndipo nilipomwelewa Mzee. Homurani 755 mara nne ni besi 3,020. Zilizobaki, 3,836, Aaron alizipata kwa mapigo ya kawaida: moja leo, mbili kesho, tatu kwa nadra. Mfutie homurani zote, zifute kabisa kama hazikuwahi kutokea, bado anabaki na mapigo salama 3,016. Kuna magwiji wanaotafuta 3,000 maisha yao yote wasizipate.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walitazame wenyewe: Hank Aaron hakuwahi kupiga homurani 50 katika msimu mmoja. Hata mara moja. Babe Ruth, gwiji wa enzi za kabla yake, alipiga 60 mwaka 1927, Bonds 73 mwaka 2001, Aaron Judge 62 mwaka 2022. Msimu mkubwa kuliko yote wa Hank Aaron ni wa 1971, homurani 47. Alichokuwa nacho ni kurudia. Kuanzia 1955 hadi 1974, misimu 20 mfululizo, hakushuka chini ya 20. Mara nne alimaliza msimu na 44 kamili, sawasawa na namba ya mgongoni mwake, na hilo hata mimi nisiyeamini mambo ya nyota limenifanya nikune kichwa. Mwaka 1973, akiwa na miaka 39, umri ambao wachezaji wengi wameshaanza kupeleka wajukuu shule, alipiga 40 katika mechi 120 tu.

Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1934. Alijifunza kupiga bila mwalimu, na alishika gongo kinyume: alikuwa mpigaji wa kulia, lakini mkono wa kushoto ndio ulikaa juu. Jaribu kufagia uwanja kwa mtindo huo uone. Mwaka 1952, akiwa na miaka 18, alijiunga na Indianapolis Clowns ya ligi ya Weusi, na huko kuna kisa ambacho kila nikimfikiria kinanijia kabla ya homurani yoyote. Timu ilikuwa Washington, mvua imezuia mechi, wakaenda kupata kifungua kinywa kwenye mgahawa nyuma ya uwanja. Walihudumiwa, wakala. Walipomaliza wakasikia kutoka jikoni sauti ya vyombo vinavunjwa, sahani moja baada ya nyingine: zile walizolia wao. Aaron alisema baadaye kwamba wangekuwa mbwa ndio waliolia sahani zile, zingeoshwa tu.

Mtu na akili zake ameona ni nafuu kununua sahani nyingine.

Braves, timu ya Ligi Kuu, wakamnunua kwa dola 10,000. Mwaka 1953 wakampeleka Jacksonville, kwenye ligi ya kusini ambako yeye na wenzake wachache walikuwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kuicheza. Akawa mchezaji bora wa ligi nzima huku akiwa haruhusiwi kula meza moja na wenzake wa timu. Mwaka uliofuata, wakati wa maandalizi ya msimu, Bobby Thomson wa Braves akavunjika kifundo cha mguu na nafasi ikapatikana. Aaron akaingia. Mwezi Septemba, mwaka huo huo, naye akavunjika kifundo. Ukisoma riwaya yenye mambo hayo utasema mwandishi ameishiwa.

Mengine nayapitia mbiombio, si kwa sababu ni madogo. Mchezaji bora wa ligi 1957, na mwaka huo huo ubingwa wa dunia, Braves ikiwa Milwaukee, wakiwafunga Yankees. Mpigaji mwenye wastani bora 1956 na 1959. Pigo salama la 3,000 mwaka 1970. Mikimbio (yaani pointi, mchezaji akizunguka besi zote) 2,297 aliyoisababisha kuingia kwa gongo lake, rekodi ambayo hadi leo hakuna aliyeigusa.

Sasa ile Aprili.

Msimu wa 1973 ulipokwisha, Aaron alikuwa na homurani 713. Ruth alikuwa ameacha 714 tangu 1935, na kwa Wamarekani wengi weupe namba ile ilikuwa kama imechongwa kwenye jiwe la kanisa. Ikabidi alale na homurani moja pungufu kuanzia Oktoba hadi Aprili. Katika mwaka ule alipokea barua zaidi ya 900,000. Nyingi zilikuwa za kumtakia heri, nasema hivyo kwa haki. Lakini zilikuwemo za matusi ya rangi, na zilikuwemo zilizotaja siku na uwanja atakaopigiwa risasi. Binti yake, aliyekuwa chuoni, naye akahitaji ulinzi. Barua zile za chuki Aaron hakuzichoma. Alizihifadhi.

Alipata mlinzi, askari wa Atlanta aitwaye Calvin Wardlaw, ambaye bastola yake aliificha kwenye mfuko wa darubini.

Tarehe 4 Aprili 1974, Cincinnati, gongo la kwanza la msimu: 714. Akalingana na Ruth. Siku nne baadaye, Jumatatu jioni, wako nyumbani Atlanta, ambako Braves walikuwa wameshahamia kutoka Milwaukee, hewa ya baridi na manyunyu, watu 53,775. Mrushaji wa wapinzani, Dodgers, ni Al Downing, naye pia anavaa namba 44. Raundi ya nne. Mpira wa kwanza unaangukia chini, haupigiki. Wa pili Aaron anautandika. Ukimwangalia kwenye picha, hauangalii mpira unakwenda wapi. Ameinamisha kichwa anakimbia, mtu wa kazi. Bill Buckner wa Dodgers anaparamia uzio upande wa kushoto, anaukosa. Unadakwa na Tom House, mrushaji wa akiba wa Braves, ambaye anatoka mbio nao kuupeleka kwa mwenyewe.

Kati ya besi ya pili na ya tatu, vijana wawili wa miaka 17, weupe, wanatokea uwanjani na kumpigapiga mgongoni. Leo ni picha ya furaha, inawekwa kwenye kalenda. Mimi nikiitazama namtafuta Wardlaw. Yuko jukwaani, mfuko wa darubini mapajani, na ana sekunde mbili tatu za kuamua kama wale ni mashabiki au ndio wale wa kwenye barua. Aliamua sawa.

Kisha mama yake, Bi. Estella, akamfikia akamkumbatia. Aaron alisema hakujua kuwa mama yake ana nguvu kiasi kile. Mkuu wa besiboli, Bowie Kuhn, hakuwepo. Alikuwa Cleveland kwenye shughuli nyingine na alituma mwakilishi. Nimesikia watu wakimtetea kwa hilo na sijawahi kuuelewa utetezi wao. Mchezaji wako anavunja rekodi kubwa kuliko zote, chini ya vitisho vya kuuawa, wewe unatuma salamu?

Aaron alipopewa kipaza sauti hakutoa hotuba. Alimshukuru Mungu kwamba yamekwisha.

Hebu isome tena sentensi hiyo. Mwanariadha yupi mwingine amefika kileleni akashukuru kwa kwisha? Ndiyo maana nasema 715 ni namba yetu sisi watazamaji. Kwake ilikuwa kama kodi.

Kabla sijaondoka Atlanta nilikwenda pale. Uwanja wenyewe ulibomolewa mwaka 1997 na eneo likafanywa maegesho ya magari. Nilizunguka kidogo kati ya magari mpaka nikaona kipande cha uzio wa chuma kimesimama peke yake kwenye lami, kina alama ya mpira na namba 715. Palikuwa na dada mmoja anakula chipsi ndani ya gari lake, kipande hicho kikiwa mbele ya kioo chake kabisa. Nilipima kwa macho kutoka ilipokuwa besi ya nyumbani. Ni mbali, lakini si mbali ya kutisha. Nikajikuta nafikiria zile 3,836 zilizobaki, zile za pigo la chini linalopenya kati ya walinzi wawili. Hakuna uzio uliohifadhiwa kwa ajili ya hizo.

Kuhusu Bonds, ambaye aliipita 755 tarehe 7 Agosti 2007 na kumalizia na 762, wengi wa wanaompenda Aaron hutaka nimtukane. Sitaki. Tuhuma za dawa za kuongeza nguvu zinajulikana, na waandishi wenye kura walimnyima Jumba la Magwiji, heshima ya juu kabisa ya besiboli, hadi muda wake wa kupigiwa kura na wao ulipokwisha 2022. Usiku ule San Francisco, uso wa Aaron ulitokea kwenye skrini kubwa akimpongeza Bonds. Mwenye rekodi alikuwa ameimaliza kesi kwa upande wake. Na wale wanaopenda kusema kura za Jumba la Magwiji ndicho kipimo cha haki, niwakumbushe kuwa mwaka 1982 wapiga kura 415 walipewa jina la Hank Aaron, na tisa kati yao hawakumchagua. Ningependa kukutana na hata mmoja wao, nimnunulie chai, nimwulize tu.

Alifariki Januari 2021, na mitandao yote iliandika 755. Nilimwandikia Mzee kumpa pole. Alijibu kwa namba, unaijua.

Misimu yake miwili ya mwisho aliichezea Brewers, timu nyingine ya Milwaukee, hivyo akarudi Milwaukee alikoanzia. Homurani ya 755 aliipiga huko, Julai 1976, bila yeye wala mtu mwingine kujua kwamba hakuna nyingine itakayofuata. Watu waliokuwa uwanjani ni kama elfu kumi. Mfanyakazi wa kutunza uwanja aliuokota mpira, akakataa kuukabidhi kwa timu, akafukuzwa kazi.

Lakini pigo lake la mwisho ni la tarehe 3 Oktoba mwaka ule, dhidi ya Detroit. Raundi ya sita. Mpira ulibingirika tu chini, haukutoka hata eneo la ndani, na mtu wa miaka 42 akakimbia kwa magoti yale akafika besi ya kwanza kabla yake. Mkimbio mmoja ukaingia, wa 2,297. Mikimbio aliyokuwa ameikimbia mwenyewe ilikuwa imefika 2,174, sawa kabisa na ya Ruth. Angezunguka mara moja tu amwache. Kocha akaomba mabadiliko. Kijana akatoka benchi kwenda kukimbia badala yake, Aaron akaishuka ile besi ya 6,856 na kutembea kuelekea kivulini.