Ukichimba Zaidi Utafika Baharini

Katika ua wa nyumba ya shangazi yangu, mtaa wa Langoni hapa Amu, yaani mji wa Lamu, Kenya, kuna kisima ambacho hakijawahi kukauka, na hilo ndilo lililotudanganya. Maji yake hatukuyanywa. Ya kunywa yalikuja kwa bomba kutoka Shela, na haya ya kisimani yalikuwa ya kufulia, kuoshea vyombo, kutawadhia na kumnywesha punda. Kiangazi kimoja yalishuka mpaka ndoo ikawa inarudi nusu. Fundi akaitwa, akachungulia, akamwambia shangazi, "Bi mkubwa, tushuke pima moja zaidi tu, utapata maji mpaka uchoke."

Tukamlipa, akashuka. Maji yakaja kweli, mengi, na nyumba nzima tukafurahi. Wiki chache baadaye sabuni ikaanza kukataa kutoa povu. Kisha punda akanusa ndoo, akageuza kichwa. Masika ikanyesha, tukangoja maji yarudi kama zamani, hayakurudi. Shangazi aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema, "Mwanangu, tumetoa pesa zetu tukanunua bahari."

Nimeandika haya kwa sababu kila kiangazi nasikia watu wazima, tena wenye vyeo, wakisema dawa ya shida ya maji Amu ni kuchimba visima virefu. Bara huko inaweza kuwa kweli. Kwenye kisiwa, chini ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hakuna maji mengine baridi. Kuna bahari.

Maji tunayokunywa mjini hayatoki mtoni, maana mto hatuna. Yanatoka chini ya milima ya mchanga ya Shela, ile inayoanza nyuma ya kijiji na kuandamana na ufuo kuelekea Kipungani. Mvua ikinyesha juu ya mchanga ule haitiririki. Inazama papo hapo kabla jua halijaiwahi, inashuka polepole katikati ya chembe, mpaka inakutana na maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya kisiwa. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo hukaa juu yake kama samli inavyokaa juu ya mchuzi. Tofauti ni kwamba samli na mchuzi hubaki mbalimbali. Maji haya mawili huchanganyika, na yakishachanganyika hakuna wa kuyatenganisha isipokuwa mvua za miaka mingi.

Kuna hesabu moja ningependa kila diwani aijue. Wanaosoma maji ya chini ya ardhi wanaijua tangu karne ya 19: kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukiisikia mara ya kwanza inafurahisha. Sasa igeuze. Ukivuta maji mpaka usawa wake ukashuka nusu mita tu, unene wa maji baridi ulio chini unaelekea kupungua mita 20, kwa sababu bahari inapanda kujaza nafasi. Na pale penye pampu yenye nguvu hupanda haraka zaidi, kama kichuguu kinachoinuka chini ya mdomo wa bomba. Ndiyo maana kwenye mchanga kama wa Shela busara ni kuwa na visima vingi vifupi, kila kimoja kikivutwa kidogo kisha kikapumzishwa. Kisima kirefu kimoja chenye pampu kubwa ndicho kinachokwenda kumwita adui.

Na chumvi haihitaji kuingia nyingi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Mimina vikombe viwili vya chai vya maji ya bahari, yaani kama mililita 400, ndani ya mtungi wa lita 20. Ulimi utaisikia, na chai utakayopika nayo hutamkaribisha mgeni.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila hesabu. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kisiwani Manda, kuna magofu ya Takwa: msikiti, ukuta wa mji, na kaburi la nguzo lenye mwaka wa Hijria 1094, ambao ni 1682 au 1683 kwa kalenda ya kawaida. Mji ule ulihamwa. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima vyake kuingia chumvi, na watu wake wanasemekana walivuka wakaja kukaa Shela. Mpaka leo watu wa Shela hurudi pale kaburini kuomba dua, na mojawapo ya maombi yao ni mvua. Kila nikipita na mashua mbele ya Takwa nawaza kwamba wale hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa na msikiti mzuri, nyumba za mawe na biashara. Walichokosa, kama inavyosimuliwa, ni maji ya kunywa, na waliobaki walipata pa kuhamia kwa sababu upande wa pili kulikuwa na milima ya mchanga. Sisi tukiharibu hii, tutavuka kwenda wapi?

Hapa ndipo ninapokasirika. Mchanga ule tunauona kama ardhi tupu. Mtu akiangalia anaona pa kupiga picha, anaona kiwanja chenye mandhari ya bahari, anaona mchanga wa bure wa kujengea. Kila shehena ya mchanga inayobebwa pale ni unene unaopungua katika kichujio chetu. Kila nyumba inayopandishwa juu ya kilima inakuja na paa, sakafu na njia ya saruji, na mvua iliyokuwa izame inaelekezwa kwingine. Pia inakuja na choo.

Kuhusu choo nitakaa kidogo, maana watu huona haya kulizungumza. Mji wetu hauna mabomba ya kukusanya maji machafu. Kuna mashimo ya vyoo, na kuna mitaro iliyo wazi ya vichochoroni inayomwaga baharini, pale pale wanapoogelea watoto. Ndani ya mji mkongwe mashimo na visima vimekuwa majirani kwa vizazi vingi, na ndiyo sababu hatunywi maji ya visima vya uani. Tumeshapoteza maji ya chini ya mji, tukayakubali yawe ya kufulia. Yaliyobaki masafi ni ya Shela. Mchanga huchuja vijidudu vingi ukipewa umbali na muda, lakini naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi, huyeyuka na kwenda na maji yenyewe. Huwezi kuiondoa kwa kuchemsha. Ukichemsha maji yanapungua na yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea, na anayeathirika zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo. Shimo la choo juu ya milima ya Shela si jambo la mwenye nyumba peke yake. Ni jambo la kila mama wa Langoni, Mkomani na Gadeni.

Najua jibu nitakalopewa: utalii ndio riziki. Sibishi. Nina ndugu wa damu anayefanya kazi katika nyumba ya wageni, na mshahara wake ndio uliomsomesha mdogo wake. Lakini bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita moja na nusu, linameza lita 75,000. Hiyo ni mitungi 3,750 ya lita 20. Familia inayotumia mitungi 10 kwa siku ingekaa nayo zaidi ya mwaka mzima. Na bahari iko hatua chache kutoka hapo! Anayetaka bwawa alijaze maji ya chumvi. Kwa maoni yangu hiyo iwe sharti la kibali, wala isiwe ombi. Anayetaka maji baridi mengi awekewe mita na alipe bei inayopanda kadiri anavyotumia, ili yule anayenunua mtungi kwa mwenye punda asiwe ndiye analipa ghali kuliko wote.

Kuna wanaosema mtambo wa kuondoa chumvi utatuokoa. Huenda mahali pasipo na chaguo lingine unafaa. Ila unakula umeme mchana na usiku, vichujio vyake vinanunuliwa mbali, na unaacha maji mazito ya chumvi ambayo lazima yamwagwe mahali. Sioni kwa nini tuununue kwa fedha nyingi huku tukiliacha liharibike tangi la mchanga tulilopewa bure na Mwenyezi Mungu.

Kitu tunachopaswa kukirudia kiko ndani ya nyumba zetu za zamani. Nyumba za mawe za Amu zilikuwa na birika, yaani tangi la maji lililojengwa ndani ya nyumba, na ndani yake walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Kwenye sakafu ya birika liliwekwa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Mtu aliyefikiria mpaka samaki wake atakaa wapi siku maji yakiisha, huyo alikuwa akiyaheshimu maji. Maji yalichotwa kwa kata, kwa kiasi. Na visiwani kwetu upande wa Pate watu wana jabia: uwanja uliosakafiwa kupokea mvua na kuipeleka kwenye tangi la chini. Wamekunywa mvua vizazi na vizazi. Hawa ndio wataalamu wa kuitwa kwenye warsha, wakalipwa posho kama wanavyolipwa wanaotoka Nairobi.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mabati la mita za mraba 60, katika mwaka wa milimita 900, linapokea lita 54,000. Toa robo nzima kwa upotevu, bado unabaki na lita 40,500. Mvua hiyo leo inapita mtaroni, inaosha taka, inakwenda baharini. Jengo jipya lolote la umma, kila shule, kila msikiti, lingepaswa kuwa na mfereji wa bati na tangi kabla ya kupakwa rangi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya kaunti mambo mawili. La kwanza, isitoe kibali kimoja zaidi cha kujenga juu ya milima ya Shela, hata kwa mwenye jina kubwa. La pili ni dogo na halina gharama kubwa: kila mwezi chumvi ya kila kisima cha Shela ipimwe, na matokeo yabandikwe kwenye ubao pale Mkunguni mbele ya ngome, ambapo kila mtu hupita. Kipimo chenyewe ni kifaa kidogo kama kalamu. Nambari zikianza kupanda tuzione sote siku hiyo hiyo, tujue pampu gani ipumzishwe, kabla punda hawajaanza kugeuza vichwa. Ikiwa mwandishi hakuna, niko tayari kuziandika kwa mkono wangu.