Rufiji haihitaji tuta la Kiholanzi

Kila masika Rufiji inapofurika, Watanzania tulioko Uholanzi tunaanza lilelile: kwa nini nyumbani hawajengi matuta ya kuzuia mto kama ya huku? Karibu robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari na watu wanalala usingizi, sisi wenye vilima vyetu tunaokolewa kwa mitumbwi. Mimi naishi kando ya mto Waal, na kwetu ni bonde la Rufiji, upande wa Utete. Naona tunawaonea Waholanzi wivu kwa kitu kisicho chenyewe.

Anayetaka tuta Rufiji kwanza aulize mafuriko yanafanya kazi gani pale. Mpunga hupandwa Desemba na Januari. Mbegu za asili, zile ndefu zinazokaa shambani miezi mitano au sita, zinatakiwa ziwe zimefika magotini kabla mto haujapanda, kwa kawaida kati ya Machi na Mei. Maji yakipanda taratibu, mpunga unarefuka nayo. Yakija Januari, mche wa shibiri moja unazama na kuoza. Yakija Aprili lakini kwa kishindo, hata mpunga mrefu unalazwa chini na kufunikwa tope.

Halafu kuna mlao, na hapa ndipo watu wa mjini wanapopotea. Maji yakianza kuondoka, Mei na Juni, mkulima anayafuata nyuma. Anachimba kishimo kwa ncha ya jembe mpaka akute tope lenye unyevu, anatia mbegu mbili tatu za mahindi, kunde au choroko katikati ya mistari, maboga penye nafasi, kisha anafukia kwa udongo laini. Mvua ya maana hairudi mpaka vuli. Mizizi inashuka kuufuata unyevu ulioachwa na mto, na mbolea ni udongo mpya ulioletwa na mto huohuo. Ukichelewa wiki mbili tatu, tope linakauka na kupasuka, nyufa zinakata mizizi, unavuna magunzi. Kwa hiyo mwaka ambao mto haukupanda kabisa nao ni mwaka wa njaa bondeni. Tuta litazuia mafuriko, na mlao utakufa nalo, pamoja na mabwawa ya pembeni yanayojazwa na mto na kutupatia perege na kambale.

Wazee walikuwa na jibu lao, dungu, kibanda cha juu shambani: nguzo sita au nane, sakafu ya fito iliyopita kimo cha mtu, paa la makuti, na mtumbwi umefungwa kwenye nguzo. Ukiwa juu unawaona nguruwe pori, ngedere na kiboko. Maji yakiingia unaendelea kukaa. Linaanguka kwa sababu mbili tu. Mchwa hula nguzo pale inapoingia ardhini, hivyo mkondo ukija unaisukuma. Au sakafu imepimwa kwa alama ya maji ya mwaka jana, badala ya alama ya mwaka mkubwa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu wa bondeni sehemu za juu, katika Operesheni Rufiji. Nyumba zikapanda, mashamba yakabaki chini. Tangu hapo familia inachagua: ikae kijijini karibu na shule na zahanati huku nguruwe wakila mpunga, au ihamie dunguni kwa miezi na kuwaacha watoto kwa bibi.

Sasa tuta. Ukishalijenga huruhusiwi kulala. Ardhi ya mboji iliyo nyuma yake, ikikaushwa, inanywea na kushuka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo huwezi tena kuachana na pampu. Huku kuna watu wanaolipwa mshahara kutega panya-maji, kwa sababu anachimba tundu ndani ya tuta. (Waambie wajaribu na kiboko.) Mto ukijaa, maji hupita chini ya tuta na kuibuka upande wa pili kama chemchemi yenye mchanga. Asiyejua ataiziba, nayo itatoboka pembeni. Wanaojua wanapanga magunia ya mchanga duara kuizunguka, maji yapande humo ndani kama kisima mpaka uzito wake upunguze msukumo na mchanga uache kutoka. Kazi hiyo inataka watu waliofundishwa wanaotembea juu ya tuta usiku kucha na tochi. Tuta lisilo na watu hao ni hatari kuliko kukosa tuta, kwani watu wameshajenga nyuma yake.

Na Waholanzi wenyewe wamerudi nyuma. Mwaka 1995 watu wapatao 250,000 walihamishwa kwa kuhofia matuta ya mito yatapasuka. Baadaye wakatumia zaidi ya euro bilioni 2 kuupa mto nafasi katika maeneo zaidi ya 30. Mji wa Nijmegen walisogeza tuta mita 350 kutoka mtoni na kubomoa nyumba za watu. Kwenye Overdiepse Polder, eneo la mashamba lililozungushiwa tuta, wafugaji walipendekeza wenyewe wajengewe vilima vya udongo, nyumba na mabanda ya ng'ombe vikae juu, mto ukizidi uingie mashambani. Hilo ni dungu, ila la udongo na la gharama.

Kinachostahili wivu ni waterschap, halmashauri ya maji. Ziko 21 nchi nzima. Kila kaya inalipa kodi yake ya maji mbali na kodi nyingine, na wajumbe wake wengi wanachaguliwa kila miaka minne. Hata mgeni mwenye kibali cha ukaazi anapiga kura. Fedha hiyo haigeuzwi kununua gari la mkurugenzi wa idara nyingine. Na kipimo cha mto Rhine pale Lobith, mpakani na Ujerumani, kila mtu anakisoma, pamoja na makadirio ya siku zinazofuata.

Nyumbani jambo hili limekuwa la haraka tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere, la umeme katika mto Rufiji, lilipoanza kujazwa. Sipingi umeme, megawati 2,115 si mchezo. Wala sisemi mafuriko yameletwa na bwawa, maana Rufiji ilifurika 1968, 1998 na 2020. Lakini kalenda ya mto sasa imo mikononi mwa anayefungua milango, na masika ya 2024 mafuriko ya Rufiji na Kibiti yalionyesha hilo. Bwawa pia linabakiza udongo nyuma yake, chakula cha mlao, na maji yasiyo na udongo yanakula kingo zaidi. Maji matamu yakipungua wakati wa kiangazi, maji ya chumvi yanapanda kwenye mashamba ya mpunga ya delta.

Mkulima anatakiwa kuambiwa mambo matatu: maji yanaanza kufunguliwa lini, yatafika kwake lini, yatapanda kiasi gani. Ukimtajia mita za ujazo kwa sekunde hujamwambia kitu. Weka nguzo ya zege yenye rangi kila sentimita 10 katika kila kijiji kuanzia Mloka hadi delta, mtu alipwe kuisoma saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, ujumbe uje kwa simu na kipaza sauti cha msikitini: "kesho jioni yatafika alama nyekundu ya pili."

Kuhusu maji ya kunywa sina la kutetea. Bomba la huku ni bora, basi. Mtoni kuna mamba, kwenye maji yaliyotuama kuna kichocho, na vyoo vya shimo vikizama kipindupindu kinafuata. Wanaotuma vidonge vya klorini wajue tope hula dawa kabla haijaua vijidudu. Maji yatulie usiku kucha, yachujwe kwa kanga iliyokunjwa mara nne, ndipo kidonge kiingie, na kusubiri nusu saa.

Na michango yetu. Blanketi na unga vinafika Aprili, vizuri. Mbegu ya mlao inatakiwa iwe kijijini mwishoni mwa Mei: mahindi ya muda mfupi, kilo 8 hadi 10 kwa ekari, na kunde. Tukianza kukusanya Julai baada ya vikao vitatu vya kuchagua mweka hazina, mbegu inafika Agosti, tope limeshapasuka, na watu wataipika.